Natafuta Bibi wa Shupaza

Kama mtaa ungepiga kura kumchagua mcheza kamari wake mkuu, Bwana Dado angepita bila kupingwa, ingawa maishani mwake hakuwahi kuweka dau hata la njiti ya kiberiti. Alikuwa mjalidi vitabu. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa zilizolegea, kupaka gundi migongo ya vitabu na kugombana na panya. Lakini chumba cha nyuma ya karakana yake kilikuwa kimesheheni vitu ambavyo mgeni akiingia ghafla angedhani kuna kasino iliyofungwa na mwenye karakana akakabidhiwa mabaki. Kulikuwa na dado za mfupa zilizogeuka manjano kwa uzee, vikombe vya ngozi vya kuzitikisia, gurudumu la bahati lililokwama kwenye namba moja tangu siku ya kuletwa, na karata juu ya karata, kwenye makasha, kwenye bahasha, chini ya vioo.

Kucheza hakujua. Ungemwuliza turufu ni nini, angekohoa kidogo halafu akuulize kama umekunywa chai. Yeye alichokipenda ni karatasi yenyewe, wino wake, mlio wake ukiipindisha kidogo sikioni. Mtu yeyote aliyetaka kugusa alivalishwa kwanza glavu nyeupe za pamba, mkewe akiwemo. Na mkewe huyo, aliyekuwa karani wa shule hadi alipostaafu, alikuwa amevumilia mengi. Siku moja alichota sukari akaibuka na dado. Siku nyingine alikuta kitanda chao kimetandazwa wafalme wanaoanikwa, akaambiwa alale kwenye kochi mpaka wakauke.

Katika utajiri wote huo palikuwa na donda moja. Ilikuwa seti kongwe yenye migongo myekundu, iliyochorwa ndege waliosokotana shingo, pembe zake zimechongoka na hazina namba hata moja, hivyo kwamba mchezaji alilazimika kuhesabu maua ili ajue ameshika nini. Wafalme walikuwepo. Maghulamu walikuwepo. Maree yalikuwepo, na hata wale wadogo wasiothaminiwa na mtu, magarasa, walikuwepo wote. Aliyekosekana ni bibi wa shupaza, yule malkia mweusi. Bwana Dado alikuwa ameshatengeneza fremu ya kioo ya kuwapanga wote, na katikati ya fremu palikuwa na nafasi tupu iliyomkosesha raha. Rafiki yake mmoja, daktari wa meno ambaye naye alikusanya vitu vya namna hiyo, kila akija kutembea aliitazama ile nafasi kwa jicho la kazini na kusema, "Hapa tungeweka la bandia." Bwana Dado alikuwa akicheka kwa adabu, kisha chakula cha usiku kinamshinda. Alimtaka bibi huyo kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na hakuona haya kusema.

Asubuhi moja akaamua kutangaza.

"Mama, niandikie tangazo kwenye lile kundi la simu la mtaa," alimwambia mkewe. Mwenyewe hakuandika kwenye simu, maana vidole vyake vyenye gundi vilikuwa vimeshaua simu mbili.

Mkewe akavaa miwani. "Sema."

Bwana Dado akafunga mikono mgongoni, akaanza kutembea huku na huku kama hakimu. "Andika hivi. Natafuta bibi wa shupaza. Awe mkongwe. Mgongo mwekundu. Asiwe amekunjwa, kuchanika wala kuloweshwa. Sura iwe bado inaonekana. Wenzake wote ninao nyumbani, wanamsubiri yeye tu. Aletwe kwa mjalidi vitabu, nyuma ya posta."

Mkewe aliandika, akasoma alichoandika, akainua macho. "Niache hivi hivi?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze neno, usipunguze."

"Huoni kama kuna neno moja limesahaulika? Dogo tu?"

"Mama, mimi na maandishi tumekua pamoja. Utanifundisha tangazo?"

Mkewe alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake anayekwenda kukalia kiti kisicho na mguu. Kisha akayakumbuka yale ya sukari, akakumbuka na kochi, akabonyeza. Mimi simlaumu.

Kabla jua halijawa kali simu ilikuwa haipumui. Mkewe alisoma majibu moja baada ya jingine kwa sauti ileile kavu aliyokuwa akiitia majina ya wanafunzi. Mmoja aliuliza Shupaza iko wilaya gani, maana ana shangazi upande huo. Mwingine alitaka kujua hao wenzake walioko nyumbani ni wangapi na wanalala vipi. Wa tatu alimtoa mama mkwe wake, bure, na nauli juu yake. Mwanamke mmoja aliandika kwa hasira: "Asiwe amekunjwa! Na wewe mwenyewe umejitazama kwenye kioo?"

"Lakini watu hawa hawajui karata?" Bwana Dado alishangaa.

"Watu wanajua bibi," alisema mkewe. "Karata hukuitaja."

Jasho lilimtoka Bwana Dado. "Basi sahihisha upesi. Andika kwamba ninayemtafuta si mtu wa kweli, ni wa karatasi tu."

Mkewe akaandika vilevile alivyoambiwa. Hapo ndipo moto ulipowaka sawasawa, kwa sababu sasa mtaa mzima ulielewa kwamba mzee anatafuta ndoa ya karatasi, na bila shaka kuna urithi wa watu anaoumezea mate.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, aliingia shemeji, kaka mkubwa wa mke. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa miaka mingi ya kukaa pembeni ya watu wanaotaka kumuua alikuwa amepoteza namna nyingine ya kuzungumza. Alikaa, akakataa maji, akaikunja miwani yake ya jua.

"Shemeji," alianza, "umekata kona bila kuonyesha taa. Dada yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Ni kutoelewana tu kuhusu bibi wangu."

"Bibi wako!"

"Bibi wa shupaza. Namtafuta tangu siku niliyowanunua wenzake."

Shemeji alishika mkono wa kochi kana kwamba hapo ndipo penye breki ya mkono. "Uliwa-nunua?"

"Kwa bei nzuri tu. Walikuwa wamekaa vibaya, wamejaa vumbi. Mimi niliwasafisha mmoja mmoja kwa kitambaa."

Mke alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha akishona vifungo vya shati, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Angeweza kuokoa jahazi kwa sentensi moja. Hakufanya haraka. Aliuma uzi, akachagua kifungo kingine, na shemeji alipomgeukia kwa huruma akasema kwa sauti nyonge, "Mwulize na habari ya glavu, kaka."

Ndipo waliposikia hodi.

Mlangoni alisimama mama mzee, mwembamba, amenyooka kama rula. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi hata ungeogopa kulisogelea, na kwapani alibana pochi ndogo nyeusi. Walimwamkia wote watatu, akaitikia shikamoo zao huku akichungulia ndani ya chumba juu ya mabega yao.

"Hapa ndipo kwa mjalidi vitabu?"

"Ndipo, bibi. Karibu ndani."

"Nimesikia mnanitafuta," alisema. "Mimi ndiye Bibi wa Shupaza."

Shemeji akasimama. Akamtazama mgeni, akamtazama Bwana Dado, akakaa tena. Mke aliacha kushona. Hili halikuwemo katika hesabu zake.

"Kijana wa jirani alikuwa akilisoma tangazo kwa kicheko," mama mzee aliendelea, akikalia ncha ya kiti. "Nikamwambia, soma tena pale mwisho. Akasoma. Wenzake wote ninao nyumbani, wanamsubiri yeye tu. Sikulala. Nimeanza kupiga pasi alfajiri." Akageuza kichwa kuelekea mlango wa chumba cha nyuma. "Haya, wako wapi?"

"Akina nani, bibi?"

"Wenzangu. Wasijifiche, nawajua kwa matani. Ati mkongwe! Ati asiwe amekunjwa!" Alicheka peke yake, akafungua pochi, akatoa leso, akalifungua fundo lake. Ndani ya leso kulikuwa na karata moja. Mgongo wake ulikuwa mwekundu, wenye ndege waliosokotana shingo.

Bwana Dado hakungoja asikie zaidi. Alikwenda chumba cha nyuma mbio, akarudi amevaa glavu mkono wa kushoto tu, akapiga magoti mbele ya yule mama kama anayeposa. Shemeji alifumba macho. Ni yeye, bibi wa shupaza, pembe nne kamili, sura inaonekana, na ua lake mkononi.

"Umempata wapi?" alinong'ona.

Basi mama mzee akasimulia. Walikuwa wanawake wanne, madobi wa hospitali, chumba kimoja cha mvuke na mashuka. Siku moja kwenye mfuko wa koti la daktari walikuta seti nzima ya karata, na daktari gani angethubutu kuja kuidai? Wakawa wanacheza kila mapumziko, juu ya meza ya kukunjia, mchezo wa turufu, wawili kwa wawili. Yeye karata hii ilimpenda. Ilikuwa ikimjia mara kwa mara, na akiitupa mezani aliitupa kwa kishindo, wakambandika jina. Mpaka siku moja, katikati ya mchezo, mmoja wao akamshutumu kwamba amechungulia karata za mwenzake. Wengine wakanyamaza, na ule unyamavu ndio uliomkata maini. Aliweka karata zake chini, akamchukua bibi huyu peke yake na kumtia kifuani. Akawaambia, bila mimi hamchezi. Akatoka, akaomba uhamisho wiki hiyohiyo.

"Nilijua watanifuata," alisema. "Niliwajua, wangenuna kidogo, halafu wanifuate. Nikangoja. Mtu anajisemea mwaka huu watakuja, wana kazi nyingi, wana watoto. Haya, sasa wamekuja, sina kinyongo tena. Waiteni."

Mke wa Bwana Dado alikuwa ameweka shati chini. Uso wake uliwaka kwa aibu. Mzaha wake ulikuwa umetembea mitaa mitatu na kugonga mlango wa mtu ambaye hakuhusika, na hakujua pa kutazama. Alimkazia macho mumewe: sema wewe.

Bwana Dado aliinuka magotini. Alikwenda kuleta fremu ya kioo, akaiweka mezani, akaifungua. Ndege wekundu hawakuonekana, maana karata zilikuwa zimepangwa uso juu, wafalme, maghulamu, magarasa, na ile nafasi tupu katikati.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Wenzake niliowataja ni hawa."

Mama mzee aliinama juu ya fremu. Aliigusa karata moja, mke akauzuia mkono wa Bwana Dado uliokuwa tayari ukinyoosha glavu ya pili.

"Ndizo," alisema mama mzee taratibu. "Umezitoa wapi?"

"Kwenye vyombo vya marehemu mmoja. Mama aliyekuwa dobi. Nduguze walikuwa wanauza vitu."

"Hakuwa na mtu wa kumpa?"

"Waliniambia wenziwe walishatangulia. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho."

"Wa mwisho," alisema mama mzee. Hakulia. Alitazama tu mikono yake, kama mtu aliyepanda basi akapitilizwa kituo na hajui amtukane nani. Shemeji, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo, alivua saa yake na kuivaa tena.

Kisha mama mzee akauliza, "Ulipozipata zilikuwaje? Zilipangwa hivi?"

"Hapana," alisema Bwana Dado. "Hivi nimepanga mimi. Zilikuwa vurugu. Zilikuwa zimefungwa mafungu manne kwa uzi mwekundu, kila fungu na mchanganyiko wake, hakuna mpangilio wowote. Na fungu moja lilikuwa jembamba kuliko mengine, limepungua karata moja."

"Uzi mwekundu," alisema mama mzee. "Ndio tuliotilia alama mashuka."

Kisha akashika meza kwa mikono miwili. Mke ndiye aliyeelewa kwanza, akaziba mdomo. Bwana Dado alichelewa kidogo, lakini ilipomfikia ilimfikia yote. Yale hayakuwa mafungu ya mtu mzembe. Ni mikono minne ya mchezo ulioachwa katikati, kila mtu na karata zake kama zilivyokuwa, na lile jembamba ni la aliyeondoka. Hawakuzichanga tena. Walimwekea mkono wake. Na yeye, bingwa wa kutunza vya kale, alikuwa amekata nyuzi na kuzipanga zote kwa madaraja, akajisifu.

"Walikuwa wananingoja wao," alisema mama mzee, "na mimi nawangoja." Akacheka kicheko kifupi kibaya, akapangusa pua kwa leso. "Wapumbavu wakubwa. Mimi wa kwanza." Akakaa sawasawa kitini. Akamtoa bibi wa shupaza, akamweka juu ya wenzake. "Haya. Gawa."

"Nigawe?" alisema Bwana Dado.

"Mko watatu, na mimi wa nne. Gawa."

"Bibi, hizi ni za miaka mia. Hizi hazichezwi. Jasho la vidole—"

"Baba," alisema mkewe, "vua hiyo glavu."

Akavua. Alizichanga karata hizo moja moja kwa ncha za vidole kama anayechinja mtoto, hivyo mama mzee akamnyang'anya, akazichanga mwenyewe kwa mlio wa maji ya mvua, akagawa. Alicheza upande mmoja na mke, na ilidhihirika mara moja kwamba mke anajua mchezo kwelikweli. Bwana Dado alimtazama kwa mshangao.

"Umejifunza wapi?"

"Ofisini. Unadhani shule zikifungwa makarani hufanya nini?"

"Hujaniambia hata siku moja!"

"Wewe uliniambia nivae glavu."

Shemeji alifundishwa sheria akaziita alama za barabarani, akaanza kucheza kwa mwendo wa kasi. Bwana Dado alitupa ree pasipotakiwa ree, akaambiwa yeye ndiye garasa la nyumba hii. Lakini alipofungua vizuri karata zake aliona aliyempata. Bibi wa shupaza alikuwa mkononi mwake, mkono mtupu, ngozi kwa karatasi. Alikuwa mzuri kuliko alivyomwota.

Na hapo, mama mzee akainama kuokota leso yake iliyoanguka, akachelewa kidogo kuinuka. Macho yake yalipita polepole juu ya karata za shemeji, moja baada ya moja, kama anayesoma bei dukani. Bwana Dado aliona. Aliona waziwazi, alikuwa ameketi mkabala.

"Simama hapohapo!" shemeji alipiga kelele. "Bibi amechungulia!"

Hakuna aliyejibu. Mama mzee aliweka karata zake chini, taratibu, uso chini. Akabana pochi kwapani, akainuka, na hata habari ya bibi wake hakuuliza.

Wote wakamtazama Bwana Dado, maana ndiye aliyekaa mahali pa kuona. Karata zote zilikuwa juu ya meza yake. Aliyekosekana alikuwa katikati ya vidole vyake. Ilibaki aseme kweli tu, neno moja, na mlango ungefungwa nyuma ya mama mzee, na daktari wa meno angekuja kutembea akatafuta pengo asilione.

"Hakuchungulia," alisema Bwana Dado. "Shemeji, wewe unashika karata kama gazeti. Hata panya wangu wanajua una nini."

Mke alipumua. Shemeji alifungua mdomo, akaona jicho la dada yake, akaufunga. Mama mzee alibaki amesimama, akimtazama Bwana Dado usoni kwa muda, na alijua kwamba anajua. Akakaa.

"Tuendelee," alisema kwa sauti nyembamba. "Shupaza imeongoza. Cheza."

Shupaza aliyokuwa nayo Bwana Dado ilikuwa moja tu. Alimtoa bibi, akamlaza mezani pole pole kama anayelaza mgonjwa. Mama mzee akampiga mfalme juu yake kwa kishindo hata vikombe vya chai vikaruka, akamla, akapiga kofi, na kicheko alichokitoa safari hii kilimrudisha nyuma miaka mingi.

Walicheza mpaka chai ikapoa. Shemeji alishindwa kila mzunguko na akadai marudiano. Mwishoni mama mzee alizipekua karata, akamtoa bibi wa shupaza, akamfunga kwenye leso na kumrudisha pochini. Bwana Dado alimsindikiza kwa macho hadi kifungo cha pochi kilipolia. Mkewe aliweka mkono juu ya mkono wake, na gundi yake yote.

Walimtoa hadi mlangoni. "Kesho tukufuate saa ngapi, bibi?" aliuliza Bwana Dado.

Mama mzee alishika mwimo wa mlango, akafikiri, kana kwamba ameulizwa jambo gumu.

"Saa yoyote," alisema. "Mimi nipo tu."